Viatu vya Ngozi Mombasa: Namna ya Kuvichagua na Kuvinusuru na Unyevu

Viatu vingi vya ngozi vinavyofika kwenye meza yangu ya ufundi havikuchakaa kwa kutembelewa. Vimeozea kabatini. Mwenyewe alivivaa harusini, akavirudisha ndani ya boksi, boksi likapanda juu ya kabati. Alipolishusha, masika imeshapita, ngozi imeota kuvu na soli imeachia. Miongozo mingi ya viatu huandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni theluji. Sisi wa kisiwani shida yetu ni hewa yenyewe, na hatua hizi nimezipanga kwa hali hiyo.

Hatua ya 1: Pima alasiri, ukiwa na soksi utakazovalia

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na joto letu linazidisha. Kiatu kilichokuenea saa mbili asubuhi chaweza kukubana saa kumi jioni. Vaa vyote viwili, kwa sababu miguu ya watu wengi hailingani, kisha chagua saizi ya mguu ulio mkubwa. Simama, tembea. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na pale mguu unapokunjika ndipo kiatu nacho kikunjike.

Muuzaji akikwambia "kitaachia tu," muulize kitaachia wapi. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana. Kwa urefu haiongezeki, kwa hiyo vidole vikigusa mbele leo vitagusa hata mwakani.

Hatua ya 2: Isome ngozi kwa vidole

Bonyeza sehemu ya mbele kwa kidole gumba. Ngozi nzuri hutoa mikunjo myembamba, mingi, isiyolingana, halafu ukiachia inapotea. Plastiki hukunjika mkunjo mmoja mnene, au inabonyea tu. Kisha kipeleke kiatu kwenye mwanga wa jua utazame vitundu vya vinyweleo. Vikiwa vimejipanga sawasawa mwanzo hadi mwisho, hiyo ni chapa ya mashine. Mwisho chungulia ukingo usiopakwa rangi, mara nyingi kwenye ulimi wa kiatu. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana. Ukiona kitambaa chini ya utando mwembamba, rudisha kiatu ulipokitoa.

Maneno "ngozi halisi" yaliyogongwa chini ya soli hayatoshi. Kuna mabaki ya ngozi yanayosagwa na kugandishwa kwa gundi, na wauzaji wake nao huyaita ngozi. Wala usikubali mchezo wa kiberiti, ule wa muuzaji kupitisha moto juu ya kiatu mbele yako. Ngozi iliyopakwa plastiki juu nayo huungua, na plastiki ikipitishiwa moto haraka yaweza isionyeshe kitu. Huo ni mchezo wa kuvuta wateja.

Kwa mtu mwenye subira, mitumba ya Kongowea ina viatu ambavyo madukani hungevimudu. Huko angalia kwanza mikunjo ya mbele: mikunjo ni sawa, nyufa si sawa. Ufa kwenye ngozi hauponi, na fundi atakayekuahidi kuuondoa atakupakia rangi tu.

Hatua ya 3: Kigeuze

Soli iliyoshonwa hubadilishwa, tena zaidi ya mara moja. Iliyogandishwa kwa gundi peke yake, ikiachia ni kubahatisha. Mishono mikuu ni miwili. Mmoja unatokana na mashine ya Mmarekani Lyman Blake ya mwaka 1858: uzi unapita moja kwa moja kutoka soli ya ndani hadi ya nje, kwa hiyo ukiingiza vidole ndani ya kiatu unaweza kuugusa, kama haukufunikwa. Wa pili unaitwa wa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mdogo aliyepata hataza yake mwaka 1871. Baba yake ndiye yule aliyegundua namna ya kuukomaza mpira. Huu una ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu, na soli hushonwa kwenye ukanda huo badala ya kushonwa kwenye soli ya ndani. Kwetu sisi mafundi huu ndio rahisi kubadili soli, na kwa mvua zetu una faida nyingine: chini ya mguu hakuna tundu la sindano linalopenyeza maji hadi ndani.

Jihadhari na uzi wa mapambo. Viwanda vingine hupitisha uzi ukingoni mwa soli iliyogandishwa ili ionekane imeshonwa. Ukiona uzi juu na chini huuoni, wala hakuna mfereji uliofunikwa ambamo ungefichwa, ujue ni urembo.

Halafu kuna soli nyepesi za povu la poliyurethani, ambazo wengi huzipenda kwa wepesi wake. Unyevu wa hewani huivunja kemia yake polepole hata kama kiatu hakivaliwi. Siku ya siku bwana arusi anateremka ngazi na soli inabomoka kama keki kavu. Hicho hakishoneki wala hakigandishiki, soli yote ni ya kutoa. Kwa kiatu unachotaka kikae miaka, chukua soli ya ngozi au ya mpira mzito. Rahisi huvunja upishi. Soli ya ngozi, mpelekee fundi aibandike nusu soli nyembamba ya mpira kabla ya mvua, maana kwenye vigae vilivyolowa huteleza vibaya.

Hatua ya 4: Kamba au bila kamba

Kwa mahakamani na benki za Nkrumah Road, kiatu cheusi cha kamba, basi. Lakini kama unavua viatu mara kadhaa kwa siku, msikitini na majumbani mwa watu, nunua na kisicho na kamba. Cha kamba utakikanyaga kisigino kwa haraka ya kuwahi rakaa, na kisigino kikishavunjika kiatu kimepoteza sura. Ukishikilia cha kamba, tembea na kijiko cha kuvalia viatu mfukoni.

Hatua ya 5: Kung'arisha

Toa kamba. Piga burashi kuondoa vumbi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha kikauke. Paka krimu ya viatu kidogo sana, ukizungusha kwa kitambaa, subiri kama dakika 10, kisha burashi. Krimu ndiyo inayolisha ngozi. Polishi ya kopo, ile ya nta, ni ya mng'aro na kinga ya maji, na ikizidi hujaza mikunjo ikapasuka. Ukitaka mng'aro wa kujitazama, weka nta na tone la maji kwenye ncha na kisigino tu, sehemu zisizokunjika. Ile ya chupa yenye sifongo huacha utando unaokauka na kupasuka, mimi siitumii.

Mafuta ya nazi yaacheni kwenye nywele. Ngozi hulainika kupita kiasi, mafuta yanachacha, na kuvu hupata chakula.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Usivae jozi moja siku mbili mfululizo. Jasho la mguu linahitaji siku nzima kutoka, na hapa kwetu halina haraka. Ukivua, usikiingize kabatini usiku huo. Kiache mahali penye upepo.

Wazee wa Mji wa Kale wana faroma ya kofia: kofia ikifuliwa huvishwa humo ikaukie bila kupoteza umbo. Kiatu nacho kina faroma yake. Chukua ya mbao isiyopakwa vanishi, kwa sababu mbao tupu hunyonya unyevu, ya plastiki hushika umbo tu. Huna? Gazeti lililofinyangwa linatosha, ila ulibadilishe kesho yake, maana likishalowa linarudisha unyevu kulekule.

Boksi lililofungwa na mfuko wa nailoni ndivyo vinavyoua viatu Mombasa. Funika kwa kitambaa cha pamba; kipande cha kanga kuukuu kinafaa kabisa. Rafu isiguse ukuta wa nje, hasa kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, ambazo kuta zake hushika unyevu. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na boksi hushiba upesi kwa hewa yetu, usivitegemee. Mwezi wa Mei, mvua zikichachamaa, toa viatu vyote kila wiki, vipigwe upepo kivulini na burashi nyepesi, hata ambavyo hujavivaa.

Hatua ya 7: Kikilowa, kikiota kuvu

Maji ya bahari yakikurukia kwenye feri ya Likoni, futa kwa kitambaa chenye maji baridi kabla hayajakauka. Mstari mweupe wa chumvi ukishatokea, changanya siki na maji nusu kwa nusu, futa, acha kikauke, halafu krimu. Kiatu kilicholowa kilaze ubavu ili soli ipumue. Juani hapana, na nyuma ya friji hapana: ngozi iliyokaushwa kwa joto hukakamaa na kupasuka.

Kuvu lipigie burashi nje, si chumbani, usije ukavisambazia viatu vingine. Futa kwa mchanganyiko uleule wa siki, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ndani pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo. Kikauke kabisa kivulini ndipo upake krimu, ukiharakisha unafungia unyevu ndani. Boksi lake litupe.

Kisigino kiangalie kila mwezi. Mpira wa chini ukikaribia kuisha upande mmoja, lete kiatu. Kubadilisha mpira ni kazi ya muda mfupi na bei ndogo. Ukingoja hadi msumari uguse lami, tutajenga kisigino kizima.