Wikiendi nzima kwenye tamasha bila kununua tiketi: mnavyojitolea na washkaji

Haya, tiketi ya tamasha la siku tatu bei yake inakatisha tamaa na nyie mko wanne mnataka kwenda. Kuna njia na ni halali kabisa: mnajitolea. Mnapiga kazi masaa kadhaa, wenyewe wanawapa bangili ya kuingilia, sehemu ya kupiga hema na mara nyingi vocha ya chakula kwa kila shifti. Ila bure hapo hakuna aisee, unalipa kwa masaa, kwa hiyo kabla hujasaini chochote jua kwanza wanakudai masaa mangapi na ni yapi.

Chukua mfano wa Glastonbury kule Uingereza, shirika la hisani la Oxfam wanapeleka watu wa kujitolea huko tangu miaka ya 1990 na mtindo wao ni shifti 3 za masaa kama 8 hivi. Kule tamasha ni siku tano kwa hiyo kuna nafasi ya kupumua. Sasa mzigo huohuo uuweke kwenye tamasha la Ijumaa mchana mpaka Jumapili usiku wa manane, ni masaa 60, toa 24 ya kazi, toa 12 ya kulala kwa kubanana, umebaki na 24 ya kula, kuoga, kupanga foleni na ndo humohumo uangalie shoo. Inatosha, lakini sio kama mnavyojipigia picha saa hizi kwenye grupu. Kama ni tamasha fupi tafuteni wanaotaka shifti 2, msikubali 3.

Kuomba muwahi, miezi kadhaa kabla, na mjaze fomu siku moja wote. Kwenye fomu nyingi kuna sehemu ya kuandika unaotaka kupangwa nao, hapo andika jina la mwenzako kama alivyojisajili yeye, sio jina la mtaani, maana mkijichanganya mnatawanywa mmoja getini mwingine parking kilomita mbili huko. Wengi wanataka uwe umefika miaka 18. Na ukikosa nafasi kwa waandaaji wenyewe usikate tamaa, maana kazi nyingi zinagawiwa kwa watu wa nje: mashirika ya hisani, watu wa huduma ya kwanza, timu za taka, baa. Roskilde ya Denmark, ambayo ipo tangu 1971 na haiendeshwi kwa faida, inabebwa na maelfu kwa maelfu ya watu wa kujitolea na wengi wao wanaingia kupitia klabu za michezo na vyama vyao.

Dipoziti ndo inawakamata watu. Wengi wanataka uweke hela, wakati mwingine sawa na bei ya tiketi, unarudishiwa baada ya kumaliza shifti zote. Ni yako lakini inakaa kwao wiki kadhaa, kwa hiyo usitegemee kuitumia humo katikati. Kila mtu alipe ya kwake, mambo ya "niwekee nitakurudishia" yanavunja urafiki. Na mtu akikuambia utume kwenye namba yake binafsi ndo akupe nafasi, huyo tapeli, achana naye.

Kuhusu kazi ya kuchagua, mimi naona watu wengi wanakimbilia kubaya. Wote wanataka nyuma ya jukwaa wakidhani watapiga stori na wasanii, wakifika ni kubeba maji na kuambiwa subiri hapa. Kazi nzuri kuliko zote ni kujenga na kubomoa majukwaa: unafanya siku za kabla au baada, shoo zikianza uko huru kabisa, tatizo tu ni kupata ruhusa kazini. Ya pili ni usiku kambini, kuanzia kama saa sita mpaka asubuhi, maana wasanii wakubwa wameshamaliza na wewe hujapoteza kitu, ila usingizi wa mchana kwenye hema ni mateso, jua likitoka mle ndani ni oveni. Piga hema penye kivuli cha asubuhi, sehemu iliyoinuka kidogo, na mlipige kabla giza halijaingia. Timu ya taka watu wanaidharau ila inazunguka, unapita karibu na majukwaa yote na muziki unausikia.

Getini ni pazuri kama unapenda watu, na utajifunza vitu. Ile bangili ya kitambaa ina kishikizo kinachoenda upande mmoja tu, kinakaza hakilegei, kwa hiyo ukikagua usiangalie rangi peke yake, shika kishikizo ukivute taratibu kurudi nyuma, kikirudi kirahisi ujue imevuliwa mkononi kwa mtu mwingine. Halafu kuna ule mtihani mwingine, mshkaji anapiga simu "niko hapa nje bwana nipitishe". Jibu ni hapana, maana ukidakwa unatolewa wewe, dipoziti inaenda, na kama mliomba kama grupu mnaweza kuchafuka wote.

Ukipewa redio ya mawasiliano ongea kifupi: wewe nani, uko wapi, kumetokea nini, unataka nini, basi. Mtoto akipotea usitaje jina lake hewani, fuata utaratibu mliofundishwa. Ukiona watu wa mbele wamebanana mpaka hawawezi kuinua mikono usisubiri mtu aanguke, sema hapohapo kwa msimamizi, na usijitose mwenyewe kwenda kuwasukuma.

Masikio jamani. Kikomo cha kelele kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 8, na kila ikipanda 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 100, ambayo karibu na spika ni kawaida tu, una dakika 15. Nunua vile vizibo vya sponji, ni rahisi sana, ila watu wanavichomeka kiholela. Kiviringishe kwenye vidole kiwe chembamba, mkono mwingine upite juu ya kichwa uvute sikio kwa juu, kiingize, halafu kishikilie na kidole mpaka kitanuke. Ukiona kimening'inia nje hakifanyi kazi yoyote.

Matumizi yanashuka mkigawana mizigo, sio kila mtu anakuja na jiko lake. Gari moja mchangie mafuta, hema kubwa moja au mawili, mtu mmoja alete vyombo (na aulize kwanza kama moto unaruhusiwa kambini), mwingine dawa za maumivu, plasta na chumvi za kuongeza maji mwilini. Bebeni chakula kikavu kisichohitaji kupikwa, maana vocha ni kwa shifti tu na vibanda vya ndani vinauza kama wako peke yao duniani. Chupa ya maji ya kujaza, tochi ya kichwani, soksi nyingi kuliko unavyodhani, koti la mvua hata kama hali ya hewa imesema jua. Simu iweke hali ya ndege ukiwa kazini, mtandao ukijaa inahangaika kutafuta mnara na chaji inaisha, kwa hiyo kubalianeni mapema sehemu ya kukutania na saa, na iwe kitu kimoja kinachoonekana, "karibu na jukwaa" sio sehemu.

Pombe baada ya shifti, sio kabla, wanarudisha watu kweli.

Jumapili usiondoke kimyakimya. Hakikisha msimamizi amekusaini shifti zote na upige picha ile karatasi, maana dipoziti ikichelewa ndo ushahidi wako. Kama unatafuta kazi omba barua ya kwamba ulijitolea, wengi wanatoa. Na muulize kabisa fomu za mwakani zinafunguliwa lini, waliofanya vizuri mara nyingi wanatumiwa kabla ya watu wengine.