Kupanga kishikwambi kiwe cha kuandikia

Maelezo haya ni ya kishikwambi cha Android, kile cha dukani au kile walichogawiwa walimu wa Tanzania baada ya sensa ya 2022, kikiwa na kibodi ya pembeni. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Usipoliona jina lililotajwa hapa, andika neno lenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia kilichopo juu ya Mipangilio. Tunachotaka ni kimoja: ukiwasha kishikwambi, jicho liangukie andiko lako, si WhatsApp.

1. Safisha skrini ya kwanza

Shikilia ikoni, iburute hadi palipoandikwa Ondoa. Usichanganye Ondoa na Sanidua: Ondoa inatoa ikoni tu, programu inabaki palepale kwenye orodha ya programu zote. Toa kila kitu, hata kile kisanduku cha Google. Kisha shikilia sehemu tupu, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya kwanza, uzime kipengele cha kuongeza programu mpya. Ukikiacha, kila utakachopakua Play Store kitajipachika hapo na baada ya mwezi utarudi ulikotoka.

2. Weka andiko, usiweke programu

Wengi huweka ikoni ya Google Docs. Ukiigusa unakutana na orodha ya mafaili yote, unaanza kufungua ya mwaka juzi, na nusu saa imekwenda. Weka faili lenyewe: ndani ya Docs, gusa vidoti vitatu vilivyo kando ya jina la andiko, chagua kuliongeza kwenye skrini ya kwanza. Ukiwa kwenye menyu hiyohiyo, washa lipatikane nje ya mtandao. Fanya hivyo bando likiwepo, maana likishakatika, au basi likiwa katikati ya pori, utatazama kiduara kikizunguka tu.

Ikoni tatu zinatosha: andiko, daftari la kunasia mawazo, kamusi. Kama ni kitabu, kila sura iwe faili lake, kwa kuwa kishikwambi chenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 huanza kusuasua faili likinenepa. Asiyetaka mambo ya akaunti na intaneti atumie Markor, programu ya kuandikia ambayo ni ya bure na huhifadhi maandishi matupu ndani ya kifaa. Ila nakala ya akiba ni juu yako: hamishia kwenye fleshi kila wiki. Programu za ofisi zenye vitufe arobaini juu ya ukurasa ziache kwenye kompyuta.

3. Kibodi, na balaa la ng'ombe

Unganisha kibodi, fungua andiko jipya, uandike: *Ng'ombe wa ng'ambo ameng'atwa.* Kisha bonyeza Shift na 2.

Ikitoka "Ngómbe wa ngámbo amengátwa", kibodi ni nzima na wala usiirudishe dukani. Kilichotokea ni kwamba kishikwambi kimechagua mpangilio wa Kiingereza cha Marekani wa mtindo wa kimataifa, uliotengenezwa kwa ajili ya Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine zinazovika irabu alama. Katika mpangilio huo kitufe cha ritifaa (') hakitoi kitu papo hapo, kinangoja herufi inayofuata. Ikija irabu, inavikwa alama. Na Kiswahili kilivyo, baada ya ng' karibu daima inakuja irabu, kwa hiyo utaharibikiwa karibu kila mara.

Dawa: Mipangilio, kisha Mfumo, kisha sehemu ya lugha na kibodi, kisha Kibodi halisi. Gusa jina la kibodi yako, chagua Kiingereza (Marekani) kitupu, kisicho na neno "kimataifa". Mambo matatu hukwamisha watu hapa:

Sehemu hiyo haionekani kabisa kama kibodi haijaunganishwa wakati huo. Watu huitafuta jioni nzima kibodi ikiwa imezimwa mezani.

Kwenye matoleo mapya ya Android, mpangilio huwekwa kwa kila lugha. Ukirekebisha kwenye Kiingereza ukasahau Kiswahili, ng'ombe ataharibika tena mara tu utakapobadili lugha. Rekebisha zote.

Shift na 2 ikikupa alama ya kufungulia nukuu badala ya @, umechagua mpangilio wa Uingereza. Fuata kilichochorwa kwenye kitufe cha 2, si kile unachodhani ulinunua. Madukani kwetu aina zote mbili zinauzwa, na boksi halisemi.

Baada ya hapo, ndani ya Gboard, yaani kibodi ya Google ya kwenye skrini, ongeza Kiswahili kwenye lugha, halafu zima usahihishaji wa moja kwa moja. Mapendekezo yaache. Ukiwa na Kiingereza peke yake, "kama" na "hata" zako zitageuzwa vioja huku wewe ukitazama dirishani. Siku usipokuwa na kibodi ya pembeni, ritifaa ya Gboard unaipata kwa kushikilia kitufe cha nukta.

4. Arifa

Washa Usinisumbue kwa ratiba, tuseme saa 11 hadi saa 1 asubuhi, na uruhusu simu za watu wa nyumbani tu.

5. Mwisho mwisho

Mandhari iwe ya rangi moja, nyeusi. Muda wa skrini kujizima uwe dakika 10. Kwenye Samsung kuna kufuli la mpangilio wa skrini ya kwanza: lifunge sasa, si kabla ya hatua ya 2, vinginevyo ikoni hazitaingia.

Kati ya kibodi ya Bluetooth na ile ya waya inayochomekwa kwa OTG (kiunganishi cha USB kinachoingia kwenye tundu la chaji), chagua ya waya. Kasoro yake ni kuziba tundu la chaji, basi chaji kwanza. Kibodi za Bluetooth nyingi hulala ukinyamaza dakika chache, na herufi ya kwanza humezwa inapoamka. Gusa Shift kwanza, subiri kidogo, ndipo uandike.