Somo: Kumbatiza mhusika mwovu katika hadithi ya fantasia

Hadithi nyingi ninazoletewa zina mwovu anayeitwa Giza au Shetani Mkuu tangu ukurasa wa kwanza. Jina linapiga kelele kabla msomaji hajaona lolote. Jaribuni hivi.

Hatua ya 1. Mpe jina la nyumbani, alilopewa na waliompenda.

Hatua ya 2. Andika tendo moja lililowaumiza watu. "Alikuwa katili" haitoshi. Sema aliiba sauti za watoto wa kijiji, wakawa wanalia bila kusikika.

Hatua ya 3, na hapa msiwe na haraka: amua nani anambatiza. Katika The Silmarillion, kitabu cha fantasia cha Mwingereza Tolkien (1977), mwovu anaitwa Melkor, yaani yule ainukaye kwa nguvu. Anamuua mfalme Finwë na kuiba vito vya Silmaril. Fëanor, mwana wa marehemu, ndiye anayemlaani na kumwita Morgoth, Adui Mweusi. Jina limetoka kinywani mwa mfiwa, ndiyo maana lina uchungu. Historia yetu nayo inajua hilo: mkoloni wa Kijerumani Carl Peters huku kwetu Tanganyika aliitwa Mkono wa Damu, na waliomwita hivyo walijua kwa nini.

Basi yule mwizi wetu wa sauti, akina mama watamwita Mnyonyasauti, askari wake watamwita Mtukufu. Mtu akilitaja jina tu, msomaji anajua yuko upande gani.

Hatua ya 4. Litamke kwa sauti. Likikwama mdomoni, lifupishe.

MASWALI

Mwalimu, mbona Shaaban Robert alimwita waziri Majivuno waziwazi?

Kusadikika (1951) ni istiari. Nchi yenyewe inaelea angani, na Majivuno anamshtaki Karama: sifa mbili zinapimwa mbele ya msomaji. Ukiandika istiari, mfuate. Ukitaka mwovu mwenye nyama na damu, rudi hatua ya 3.

Naweza kumwacha bila jina?

Unaweza, kama watu wanaogopa kumtaja. Wengi tumelelewa tusimtaje nyoka usiku, tuseme kamba. Nao wanakijiji wako watafutie "kamba" yao, maana "yule, yule" kitabu kizima inachosha.

Wangu nimemwita Bibi Kizee Mchawi. Inafaa?

Hapo umeushtaki uzee wake. Amefanya nini huyo bibi, na kamfanyia nani? Niandikie hayo kwanza, jina tutalitafuta humo.