Kukusanya spektra za nyota juu ya paa, Lamu

Nuru ya galaksi ni mchanganyiko wa nyota zake. Ukitaka kuifumbua, kwanza uwe na spektra, yaani nuru iliyotawanywa kuwa utepe wa rangi, za nyota mojamoja, za moto na za baridi. Ngoja kaskazi, Desemba hadi Machi: Sirius hupita karibu na utosi. Anza nayo, kisha Rigel, Procyon, Aldebaran na Betelgeuse.

Funga wavu, kioo chenye mistari myembamba kinachotawanya nuru, wa mistari 100 kwa milimita, umbali wa milimita 50 mbele ya kihisi cha kamera. Pikseli za mikromita 3.75 zitakupa nanomita 0.75 kwa pikseli. Fokasi ivutwe kwenye utepe wa rangi, si kwenye nukta ya nyota. Hapo wengi hukosea, mistari myeusi ya haidrojeni ndani ya utepe ikafifia. Piga picha fupi 20. Utepe ukijaa mwanga mahali popote, tupa.

Sasa pima urefu wa mawimbi kwenye utepe: nukta ya nyota ni sifuri. Mstari wa haidrojeni wa Sirius kwenye buluu-kijani ni nanomita 486.1. Kisha igawanye spektra ya Sirius kwa spektra sanifu ya nyota ya aina hiyohiyo: jibu ni upendeleo wa kamera, nawe gawanya spektra zako nyingine kwa jibu hilo ili kuuondoa. Capella hukaa chini kaskazini, hewa hula buluu yake, basi ilinganishe na nyota ya aina A, nyeupe ya moto kama Sirius, iliyo kimo hichohicho. Bonde la nanomita 760 kwenye spektra si la nyota, ni oksijeni ya hewa yetu wenyewe.