Vizibo vya masikio vya kupimiwa: hatua kwa hatua, tangu kupima kelele hadi kuvivaa

Kazi yangu ni kuchukua umbo la masikio ya watu ili watengenezewe vizibo vinavyowakaa sawasawa. Wanaonijia ni wapiga dramu, waendesha pikipiki za safari ndefu, mafundi wa misumeno ya umeme na wafanyakazi wa viwandani. Wengi wao huja wamechelewa. Mlio mwembamba umeshaanza kuwasumbua usiku kukiwa kimya, au wameanza kulalamika kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno.

Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, kiungo kilichojisokota kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000 kwa kila sikio, na ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kwa binadamu seli hizi hazizaliwi upya. Kelele kubwa huzilaza kama nyasi zilizokanyagwa. Nyingine huinuka baada ya kupumzika, nyingine hazinyanyuki tena. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba hata pale usikivu unapoonekana umerudi sawa, maungio kati ya seli hizo na mishipa ya fahamu yanaweza kuwa yamekwisha kukatika. Kwa hiyo mtu akiniambia "masikio yalivuma jana lakini leo yako poa", mimi situlii.

Hatua ya 1: Ijue kelele yako

Kabla ya kutoa hata senti, pima. Kipimo cha haraka hakihitaji kifaa: simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, kelele hiyo inakaribia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) au imezipita.

Namba hiyo ina maana yake. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu, kwa sababu desibeli 3 zina maana kwamba nishati ya sauti imekuwa maradufu. Desibeli 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Namba zinapanda polepole kumbe hatari inakimbia, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Taasisi hiyo ina programu ya bure ya kupimia kelele kwenye iPhone, na inatosha kukupa picha. Pima mahali sikio lako linapokaa wakati wa kazi, si mlangoni. Andika wastani, na andika muda unaokaa pale.

Hatua ya 2: Chagua kiasi cha kupunguza, na usiwe mlafi

Hapa nabishana na watu kila wiki. Mtu anataka kizibo kinachoziba kila kitu, eti ndiyo usalama. Lakini kizibo kinachokutenga na dunia utakivua: utakivua ili umsikie mwenzako, ili usikie mashine ikibadilika mlio, ili upate noti yako. Piga hesabu kidogo. Una kizibo cha kupunguza desibeli 30, kazi ni ya saa 8, na wewe unakivua kwa jumla ya nusu saa tu. Kinga uliyopata kwa siku nzima inashuka hadi kama desibeli 12. Ile nusu saa imekula karibu kila kitu. Kizibo cha desibeli 15 ambacho hukukitoa hata dakika moja kingekulinda kuliko hicho.

Lengo liwe sauti inayofika ndani ya sikio icheze kati ya desibeli 75 na 80. Mazoezi ya bendi yakiwa kwenye 94, kichujio cha 15, yaani kipande kidogo ndani ya kizibo kinachopunguza sauti, kinakushusha hadi 79, kiwango ambacho utamaliza nacho mazoezi bila kuvuka kikomo. Cha 25 kingekushusha zaidi, lakini mwimbaji atakivua wimbo wa tatu. Msumeno wa mnyororo ni jambo jingine kabisa; huo hupita 100, na huko nashauri kizibo kisicho na kichujio.

Kwa wanamuziki, vichujio vya kawaida ni vya desibeli 9, 15 na 25. Kampuni ya Etymotic Research ndiyo iliyoanzisha njia hii miaka ya 1980 kwa kichujio chake cha ER-15, ambacho hupunguza sauti nyembamba na nzito kwa kiasi kinachokaribiana. Sponji ya kawaida ya kuziba masikio hukata sauti nyembamba kuliko nzito, ndiyo maana muziki husikika kama unatoka chini ya blanketi.

Hatua ya 3: Sikio likaguliwe

Mpimaji aangalie ndani kwa otoskopu, kitochi cha kukagulia sikio, kabla ya kugusa chochote. Nta ikiwa nyingi itolewe kwanza na anayejua, na usijichokonoe kwa vijiti vya pamba usiku wa kuamkia miadi, kwa sababu unaisukuma ndani na kuchubua ngozi. Kama ngoma ya sikio ina tundu, kama sikio linatoa usaha au linauma, kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio au umewekewa kijibomba, sema mapema. Baadhi ya masikio hayo yanahitaji daktari wa masikio, pua na koo kwanza, na mpimaji mwaminifu atakurudisha nyumbani.

Omba pia kipimo cha usikivu siku hiyo hiyo au kabla yake, ukiwa umekaa mbali na kelele angalau saa 14. Hakikisha wanapima sauti nyembamba za hezi (mitikisiko kwa sekunde) 3,000, 4,000 na 6,000. Madhara ya kelele huanzia huko, na mara nyingi kwenye mchoro huonekana shimo karibu na 4,000 wakati mazungumzo ya kawaida bado unayasikia vizuri. Karatasi hiyo itunze. Miaka ikipita ndiyo itakayosema kama vizibo vinafanya kazi.

Hatua ya 4: Kuchukua umbo

Kila kitu kinafaulu au kinaharibikia hapa. Maabara hutengeneza kile ilichopelekewa; umbo likiwa bovu, kizibo kitakuwa kibovu hata kikitoka kwa fundi bora duniani.

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban milimita 25, na haukunyooka. Una kona mbili, kama herufi S iliyovutwa. Sehemu ya nje imezungukwa na gegedu laini, ya ndani imezungukwa na mfupa na ngozi yake ni nyembamba mno. Umbo zuri lazima lipite kona ya pili. Likiishia kona ya kwanza, kizibo kitavuja, na sauti yako mwenyewe itakuvumia kichwani kama unaongea ndani ya pipa.

Kwanza mpimaji anavuta sikio juu na nyuma ili mfereji unyooke, kisha anasukuma ndani kipande kidogo cha sponji au pamba kilichofungwa uzi hadi kivuke kona ya pili. Kipande hicho ndicho kinga ya ngoma ya sikio. Bila hicho, umbo halichukuliwi. Mkono wake uwe umeegemea kichwa chako muda wote, ili ukishtuka usogee nao. Unaweza kukohoa ghafla. Usiogope, kuna tawi la mshipa wa fahamu linalopita kwenye ngozi ya mfereji, na likiguswa koo hujibu.

Kisha silikoni. Huja mikebe miwili. Inachanganywa, inajazwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, na lazima iingie sikioni kabla haijaanza kushika. Ncha ya bomba ibaki imezama ndani ya silikoni, ikirudi nyuma polepole kadiri mfereji unavyojaa, ili hewa isinaswe. Baada ya mfereji linajazwa bakuli la sikio na kunjo lake la juu. Na hapo mkono uachie. Kuna wapimaji hupenda kubonyeza kwa kidole ili pakae vizuri. Wakibonyeza wanatanua sikio, na kizibo kitakuwa kikubwa na cha kuuma.

Sasa taya. Weka kidole kwenye tundu la sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Umesikia ukuta ukicheza? Mfereji hubadilika umbo taya likisogea. Kwa mwimbaji, mpiga tarumbeta, au yeyote anayepiga kelele za maelekezo kazini, umbo lichukuliwe mdomo ukiwa wazi, ameuma kipande maalumu kati ya meno. Mwanzoni mwa kazi hii nilimchukulia mpiga tarumbeta umbo akiwa amefunga mdomo. Mezani vilimkaa vizuri sana. Jukwaani, kila alipopuliza, hewa ilipenya na kinga ikapotea. Ilibidi nimpime upya, na tangu siku hiyo namwuliza kila mtu swali moja kabla ya kuchanganya silikoni: mdomo wako unafanya nini wakati wa kelele?

Silikoni hukauka kwa dakika 5 hivi. Tulia, usitafune. Mpimaji hujaribu kwa ukucha, na alama isipobaki, iko tayari. Huvuta sikio kwanza ili hewa iingie, kisha hulizungusha umbo likitoka taratibu, na huangalia tena ndani kuhakikisha hakuna kilichobaki. Mwombe akuonyeshe umbo lako. Utafute kona mbili, na uso laini usio na vitobo wala mikunjo. Ukiona kitobo penye mfereji, omba lirudiwe. Ni haki yako, na mpimaji anayejali kazi yake hatakunja uso.

Siku hizi kuna skana zinazopiga picha ya mfereji bila silikoni. Kanuni ya kina na ya taya ni ile ile.

Kuhusu vifaa vya kujichukulia umbo mwenyewe nyumbani, msimamo wangu ni hapana. Hujioni ndani ya sikio, huwezi kuweka kile kipande cha sponji mahali pake, na silikoni iliyoganda juu ya ngoma ya sikio hutolewa na daktari, wakati mwingine kwa upasuaji.

Hatua ya 5: Malighafi ya kizibo

Silikoni laini hufuata taya linapocheza, na ndiyo ninayowachagulia wengi. Akriliki, aina ya plastiki, ni ngumu, hudumu na husafishika kwa urahisi, lakini haisamehe umbo lenye kasoro. Kwa desturi sikio la kulia hupewa alama nyekundu na la kushoto buluu. Ukiwa unafanya kazi ya kusogea huku na huku, omba vifungwe kamba.

Ukisubiri maabara, usikae wazi. Vaa sponji, na uivae ipasavyo: isokote iwe nyembamba, vuta sikio, ingiza, ishikilie mpaka itanuke.

Hatua ya 6: Vijaribu kabla ya kuviamini

Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza kizibo huku ukikizungusha kidogo hadi kikae. Sasa guna kwa sauti ndefu, "mmmm". Sauti isikike sawa pande zote mbili. Ikiegemea upande mmoja, ule mwingine huenda unavuja. Kisha nenda penye kelele na ufunike masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, vizibo havijaziba. Fungua mdomo, geuza shingo, rudia. Kliniki nyingine zina kipimo cha kuonyesha desibeli zinazopungua kwenye sikio lako mwenyewe. Kikiwepo kiombe, kwa sababu namba ya kwenye boksi ilipatikana maabara, kwenye masikio ya watu wengine.

Kubanwa kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu si kawaida, na hayazoeleki. Rudisha vikapunguzwe.

Hatua ya 7: Kuishi navyo

Vaa kabla ya kuingia penye kelele, vua baada ya kutoka. Kwa bunduki, vaa vizibo na vifuniko vya masikio juu yake. Usitegemee namba zijumlike. Cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi, lakini mlio wa bunduki huweza kuvuka 140, na huko desibeli 5 ni nyingi.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukiwa umetoa vichujio kwanza, kwani maji yakiingia humo kazi imeharibika. Usitumie spiriti. Kama vinaingia kwa shida, paka kilainishi cha maji, si mafuta mazito yatokanayo na petroli, ambayo huidhoofisha silikoni. Viweke kwenye kikebe chake, mbali na jua.

Sikio hubadilika, hasa mtu akinenepa au akikonda sana, na silikoni nayo hujikunja na kukakamaa. Rudia ule mguno wa "mmmm" kila mwezi. Ukijikuta unavisukuma kwa kidole mara kwa mara katikati ya kazi, vimeshalegea, na ni wakati wa kupimwa upya.