Funga Macho Kwanza: Namna ya Kutazama Mashindano ya Kuimba kwenye Televisheni

Wimbo ukianza, funga macho. Usiyafumbue mpaka ubeti wa kwanza uishe. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeketi nami kutazama mashindano ya kuimba. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu nikiwa na miaka 14, na kwaya imenizoesha kumsikia mwenzangu bila kumtazama. Televisheni inakuvuta upande mwingine kabisa. Kuna taa, moshi, gauni, mama analia nyuma ya jukwaa, na ukija kushtuka umeshampenda mtu ambaye hujamsikia bado.

Ukiwa umefumba macho, sikiliza miisho ya mistari. Karibu kila aliyefika kwenye televisheni anajua kuanza mstari vizuri. Tofauti inaonekana mwishoni, pumzi inapopungua: noti inabaki pale ilipo, au inateleza kushuka? Halafu sikiliza sehemu za chini za wimbo. Kule juu mwimbaji husaidiwa na nguvu na makofi, lakini kule chini hakuna pa kujificha. Maneno nayo unayasikia, au unayajua tu kwa sababu wimbo ni maarufu? Jaribu kujiuliza kama ungeuelewa wimbo huo leo kwa mara ya kwanza.

Mimi nina daftari. Nimetazama mashindano haya zaidi ya miaka 15 na binti wa dada yangu, tangu akiwa mtoto wa kukaa chini kwenye zulia, na kila mmoja wetu ana ukurasa wake. Natoa alama 10: usahihi wa noti 4, pumzi 3, maneno 2, na noti ile ndefu ya juu, ambayo ukumbi mzima husimama kuipigia makofi, 1 tu. Mwanangu huyo hukasirika sana. "Mama mdogo, hiyo ndiyo noti yenyewe!" Nami namjibu kwamba hiyo ndiyo noti iliyofanyiwa mazoezi wiki nzima, na wimbo mara nyingi umekatwa na kufupishwa ili ifike haraka. Anayebeba wimbo hadi pale bila kuudondosha ndiye ninayemtafuta.

Alama zikamilishwe palepale wimbo unapokwisha, kabla jaji hajafungua mdomo. Hili usilipuuze, kwa sababu ukisubiri mpaka mwisho wa kipindi, walioimba mwanzo wanakuwa wamefifia kichwani. Wasomi waliochunguza matokeo ya Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya na wenzao, waliona kwamba wanaoimba baadaye huelekea kupata alama nyingi kuliko wanaotangulia. Waandaaji hawapangi zamu ovyo. Katika Eurovision zamu zilikuwa zikipigiwa kura ya bahati, lakini kuanzia mwaka 2013 waandaaji wenyewe ndio waliopewa kazi ya kupanga, isipokuwa nafasi ya nchi mwenyeji. Sisemi wanamuonea mtu. Wanataka kipindi kiende vizuri, nyimbo mbili za polepole zisifuatane. Lakini mtu aliyewekwa wa pili usiku mrefu amebebeshwa mzigo, na daftari lako ndilo linaloweza kumtendea haki.

Ukitazama Eurovision yenyewe, kumbuka pia kwamba ala hazipigwi pale ukumbini, zimerekodiwa, na wimbo hauruhusiwi kuzidi dakika 3. Sauti kuu lazima iimbwe moja kwa moja. Sauti za kuitikia zimeruhusiwa kurekodiwa tangu mwaka 2021, kwa hiyo ukisikia kiitikio kimejaa kama kwaya ya watu 40, usimpe sifa hiyo mtu mmoja aliyesimama pale. Msikilize kwenye beti.

Sasa lile simulizi fupi kabla ya wimbo: picha za utotoni, bibi aliyefariki, kazi ngumu, machozi. Ushauri wangu ni kuinuka. Kanywe maji, rudi kabla wimbo haujaanza. Naomba nieleweke. Siyachukii maisha ya mtu, na mengi ya hayo ni kweli tupu. Ninachokikataa ni kuambiwa nimuonee huruma mtu kwanza, halafu nimsikilize. Tena si haki kwa yule mwimbaji mwenye maisha ya kawaida, ambaye hakufiwa wala hakufukuzwa kazi, anayeimba vizuri tu. Nimeona waimbaji wa namna hiyo wakipewa sekunde chache za picha zilizokatwakatwa, na wiki inayofuata wanatolewa kwa sababu hakuna aliyelijua jina lao.

Mfano ambao dunia nzima iliuona ni wa Susan Boyle, mwanamke wa Scotland aliyekuwa hajulikani, Aprili 2009, kwenye Britain's Got Talent, mashindano ya vipaji ya Uingereza. Kabla hajaimba, kamera ilitafuta nyuso za watu wakimcheka na kuzungusha macho. Akaimba, kamera ikarudi kutafuta nyuso zilezile zikishangaa. Mimi nililia, nakiri, na sauti yake ni nzuri hadi leo. Lakini jambo moja ulijue kuhusu vipindi hivi vyote: kabla mtu hajafika mbele ya majaji maarufu, ameshapita mbele ya watayarishaji, mara nyingi zaidi ya mara moja. Wao walishamsikia, hivyo mshangao ni wa majaji na wako. Kwa hiyo ukiona uso wa mtu ukumbini ukikuelekeza ucheke au ulie, jiulize kilichokatwa kabla ya uso huo. Picha ya jaji akitabasamu inaweza kuwekwa popote mhariri anapoitaka.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma. Wale wanaoimba vibaya sana kwenye mchujo, wanaochekwa, nao walipitishwa na watayarishaji. Kuna mtu aliyewasikia, akajua hawawezi, akawaambia "umepita, njoo mbele ya majaji", ili taifa zima liwacheke. Huo ni ukatili. Wengine ni vijana wadogo ambao hawajawahi kuambiwa ukweli na mtu anayewapenda, na mara ya kwanza wanaambiwa mbele ya mamilioni. Sehemu hiyo ya msimu mimi naizima. Naanza kutazama mchujo ukishakwisha, na nakusihi ufanye hivyo, hasa kama una watoto wanaotazama nawe, maana wanajifunza kucheka kabla hawajajifunza kusikiliza.

Binti wa dada yangu alikwenda kwenye mchujo mara moja. Alifika alfajiri, akapewa namba, akakaa kwenye foleni hadi jioni. Alipoingia, ndani hakukuwa na jaji hata mmoja tuliyemjua. Walikuwa watu wawili na meza. Aliimba mistari michache akakatizwa, akaulizwa kama kuna jambo zito lililowahi kumpata maishani. Akasema hapana, nina wazazi wote na ninasoma. Wakamshukuru. Kama una mtu wako anayetaka kwenda, mwambie mapema kwamba chumba cha kwanza ndicho hicho, asiende na nguo ya jukwaani tu, aende na chakula, maji na moyo. Na akipita, asisaini karatasi yoyote siku hiyohiyo. Airudishe nyumbani isomwe na mtu anayejua mikataba: nani atamiliki rekodi zake, kwa muda gani, na kama anaruhusiwa kuimba kwingine akishatolewa.

Kuhusu majaji nitasema machache. Hesabu maneno yao yanayohusu muziki na yanayohusu mengine. "Umependeza", "umekua", "hii ndiyo safari yako", hayo hayanisaidii. Jaji anayesema "ulianza juu mno, ndiyo maana kiitikio kilikushinda" amefanya kazi yake hata kama ukumbi unamzomea. Pia angalia jaji ana nini mkononi. Kwenye The Voice, iliyoanza Uholanzi mwaka 2010, majaji wana timu zao, na kwenye The X Factor nako kila jaji alikuwa na kundi lake la kulilea. Mtu anayeshindana hawezi kuwa mwamuzi wa washindani wenzake. Hata hivyo, kile kiti cha The Voice, ambacho jaji hukikalia akiwa amempa mwimbaji mgongo na kumsikiliza bila kumwona, naona ni wazo bora kuliko yote yaliyowahi kubuniwa kwenye mashindano haya. Sikitiko langu ni kwamba wanakitumia raundi ya kwanza tu. Baada ya hapo macho yanarudi na kila kitu kinarudi palepale.

Kura zinataka uangalifu zaidi. Kabla hujapiga hata moja, soma masharti: mtu mmoja anaruhusiwa kura ngapi, zinalipiwa au ni bure, dirisha linafunguliwa na kufungwa saa ngapi, na kama kura za wiki hii zinahesabiwa wiki ijayo au zinafutwa. Mara nyingi utagundua kwamba kura si watu. Fainali ya American Idol ya mwaka 2003 ilikuwa na kura zipatazo milioni 24, na Ruben Studdard alimshinda Clay Aiken kwa tofauti ya takriban 134,000. Lakini mtu mmoja aliweza kupiga simu tena na tena, kwa hiyo kilichopimwa pale ni pamoja na nani ana mashabiki wasiochoka kubonyeza.

Mwaka mmoja nilimpigia kijana mmoja kura nyingi za kulipia, usiku mmoja, kwa sababu mtangazaji alisema "yuko hatarini, mwokoeni". Wiki iliyofuata nikasikia kwamba kura nyingi ziliingia baada ya dirisha kufungwa. Pesa ilikatwa, kura hazikuhesabiwa. Tangu siku ile naweka kikomo kabla kipindi hakijaanza, nakiandika juu ya ukurasa, na nikikifikia nazima simu. Usipige kura kwa kuitikia neno "hatarini". Piga kwa kuitikia daftari.

Na daftari si mchezo wa wazee. Mwaka 2019, Korea Kusini, baada ya fainali ya Produce X 101, kipindi cha kuchagua kwa kura waimbaji wa kundi jipya, watazamaji wa kawaida walikaa na hesabu za kura zilizotangazwa wakaanza kutoa na kulinganisha. Wakaona tofauti ya kura 29,978 kati ya mshiriki na mshiriki inajirudia, na kujirudia tena. Kura za kweli za mamilioni ya watu hazipangiki hivyo. Polisi wakaingia, mtayarishaji mkuu akakamatwa mwaka huohuo, na mwaka 2020 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 2. Yalianza kwa mashabiki kushika kalamu. Matokeo yakitangazwa kwa tarakimu, yaandike. Yasipotangazwa kabisa, jua kwamba unaombwa uamini tu.

Vipindi vya watu kufungiwa nyumba moja vinataka ujuzi wa aina nyingine, nami navitazama kidogo tu. Big Brother ilianza Uholanzi mwaka 1999, na hesabu ya kipindi cha namna hiyo ni rahisi: kamera zinarekodi saa 24, wewe mara nyingi unaonyeshwa kama saa 1 tu. Mtu aliyepika, akaosha vyombo, akamfariji mwenzake siku nzima, kisha akafoka mara moja, utamuona akifoka. Kwa hiyo tazama midomo. Ukisikia sauti ya mshiriki wakati picha inaonyesha kisogo chake, au picha imehamia kwa mtu mwingine, sentensi hiyo huenda imeungwa kutoka vipande viwili. Angalia nguo na nywele: zikibadilika katikati ya ugomvi mmoja, ugomvi huo ni wa siku mbili. Mazungumzo ya faragha mbele ya kamera nayo huja baada ya kuulizwa swali, na swali hukatwa. Kabla hujaenda mitandaoni kumtukana mtu, kumbuka kwamba hujakutana naye. Ulichokiona ni saa 1 iliyochaguliwa na mtu mwingine.

Mpendwa wako akitolewa, usiufunge ukurasa wake. Jennifer Hudson alitolewa American Idol mwaka 2004 akiwa nafasi ya 7, na mwaka 2007 akashika tuzo ya Oscar. One Direction, kundi lililokuja kuvuma dunia nzima, walimaliza wa tatu kwenye The X Factor ya Uingereza mwaka 2010. Hata ABBA, kundi la Sweden, waliposhinda Eurovision mwaka 1974 mjini Brighton, majaji wa Uingereza, nchi mwenyeji, hawakuwapa hata alama moja. Mimi ninazo kurasa za watu ambao hakuna anayewakumbuka, wenye alama 9 kati ya 10, na huwa nawatafuta mtandaoni kuona kama bado wanaimba. Wengine wanaimba. Mmoja anafundisha watoto sauti, na nilifurahi mno nilipomuona.

Fainali ya mwisho tuliyotazama pamoja, binti wa dada yangu alikuwa ameongeza safu yake mwenyewe kwenye daftari, ya tano, isiyo na alama: "Amenigusa?" Nilimwambia hiyo haipimiki. Mwimbaji wa tatu alipoanza, tulifumba macho wote wawili kama kawaida. Ubeti wa kwanza ukaisha. Nikafumbua, nikaandika 4, 3, 2, nikamgeukia kulinganisha. Yeye alikuwa bado amefumba, kalamu imelala kwenye zulia, na alibaki hivyo mpaka wimbo mzima ukaisha. Ndipo akaiokota na kujaza ile safu ya tano peke yake. Nikaichora na kwangu.