Jinsi ya Kuyapa Mate Nafasi ya Kulinda Meno

Muwa uliomenywa na kukatwakatwa, unaouzwa katika vifuko vidogo kwenye vituo vya magari vya Kisumu, aghalabu hutafunwa kipande kimoja kimoja kuanzia saa nne hadi alasiri, na muda huo mrefu huyadhuru meno kuliko wingi wa sukari yenyewe. Sukari inapoingia kinywani, bakteria kama Streptococcus mutans huigeuza kuwa asidi, na pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ya utando wa bakteria juu ya meno ikishuka chini ya takribani 5.5, madini ya jino huanza kuyeyuka.

Mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza hali hiyo, na kazi yake haiishii katika kupunguza makali ya asidi. Protini iitwayo statherini huishikilia kalsiamu pamoja na fosfeti zisigande ovyo, ili zibaki tayari kurudi kwenye jino. Musini, ambazo ndizo huyapa mate utelezi, hazimuui Streptococcus mutans. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani walionyesha kwamba humfanya aendelee kuelea badala ya kushikamana na jino, na bakteria anayeelea ni rahisi kumezwa. Naiona kinga hii kuwa ya ajabu, na inasikitisha kwamba tunaikatiza kila mara.

Kwa hiyo, kula muwa wako kwa mkupuo mmoja, ikiwezekana baada ya chakula, wakati mate yanatoka kwa wingi, kisha sukutua kwa maji. Chai ya saa nne yenye sukari inywe ikaishe. Usiiweke kando ya kazi ukaionja hadi adhuhuri. Baada ya maji ya ndimu au soda, subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu uso wa jino huwa umelainika.

Usiku mate hupungua sana, hivyo piga mswaki kwa dawa yenye floraidi kabla ya kulala, uteme povu bila kusukutua, na usile tena. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe dawa kiasi cha punje ya mchele; wakazi wa Nakuru walizingatie hili zaidi, kwa kuwa maji ya visima vingi huko tayari yana floraidi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia.

Kinywa kikikauka baada ya kuanza dawa za shinikizo la damu au za mzio, usiziache; mweleze daktari aliyekuandikia, na umwone pia daktari wa meno.